Msimu Niliokaa Nje ya Mkeka

Kama umeambiwa juzi kwamba figo zako hazifanyi kazi tena, na sasa umekaa kwenye benchi la hospitali unajifanya kusoma tangazo la kunawa mikono, nakuandikia wewe. Sitakueleza figo ni nini. Wataalamu watakueleza, watakuchorea na picha, na hutashika hata neno moja. Nitakueleza tu jinsi msimu mmoja ulivyonipitia. Mimi nilipokuwa kwenye benchi hilo nilitafuta mtu wa kuniambia ukweli, nikapata foleni ya watu wa kunitia moyo. Walinichosha kuliko ugonjwa wenyewe, Mungu anisamehe.

Naitwa Tabitha. Nafundisha Jiografia sekondari hapa Dodoma, na kabla ya haya nilikuwa kipa wa timu yetu ya kriketi ya wanawake. Kriketi kwetu ni mchezo wa watu wachache. Ukimwambia mtu wa mtaa wa Majengo unacheza kriketi atakuuliza kama ni ule wa Wahindi. Ndiyo, ni ule ule. Tunachezea uwanja wa shule, ardhi ngumu kama ukuta, na katikati tunatandika mkeka juu ya saruji ili mpira udunde sawasawa. Kipa anachuchumaa nyuma ya vijiti vitatu na kudaka kila mpira ambao mpigaji ameukosa. Mashindano yetu ni ya siku moja: kila upande unarusha ova hamsini, ova moja ni mipira sita, mnaanza jua likiwa bado changa na kumaliza vivuli vikiwa virefu. Kutwa nzima kipa anachuchumaa na kuinuka.

Mrushaji wetu wa kasi ni mdogo wangu, Damari, mwanafunzi wa chuo. Tumezaliwa wawili tu, kijijini Haneti, na mimi nimemtangulia miaka kumi na miwili. Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kusoma, nikamfundisha kurusha. Yeye akirusha, mimi nikidaka, hatukuwa na haja ya kusemeshana uwanjani. Nilikuwa najua mpira wake unakwenda wapi kwa kuangalia bega lake tu.

Msimu ule ulianza mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika na nyasi za uwanjani zimeanza kukauka. Viatu vyangu vilikataa kuingia. Nikalaumu soksi mpya. Uso nao ulikuwa unavimba asubuhi na kushuka mchana, mdomoni nina ladha ya sarafu, na darasani nilikuwa nasinzia nimesimama. Nikajiambia ni uchovu wa kusahihisha mitihani, nikavaa viatu vya Gidion, mume wangu, nikaingia uwanjani.

Ova za mwanzo nilidaka vizuri. Kisha nikachuchumaa na sikuinuka. Sikuanguka wala sikuzimia; magoti yalikataa tu, nikabaki pale chini kama mtu aliyedondosha hereni kwenye mkeka. Damari alikuwa ameshaanza kukimbia aje arushe. Akakatiza njiani, akanifuata.

"Dada, inuka bwana, watu wanatuangalia."

"Siwezi."

Akacheka, akidhani namtania. Halafu akaniona uso. Akanishika kwapani akaninyanyua, na hivyo ndivyo nilivyotoka uwanjani, nimeegemea bega la mtoto niliyembeba mgongoni.

Hospitali walinitoa damu asubuhi, na mchana daktari akaniita. Alikuwa kijana mpole, anazungusha kalamu vidoleni.

"Mwalimu, figo zote mbili zimechoka. Itabidi tuanze kukusafisha damu leo."

"Hadi lini?"

"Tuanze leo kwanza," akasema.

Jibu hilo nililielewa baada ya wiki kadhaa. Siku ile nilidhani ni kitu cha siku chache, kama kutundikiwa dripu. Waliniingiza mrija shingoni, wakaniunganisha na mashine, nikaona damu yangu ikitoka kwenye mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Nilikaa hapo kwa saa nne nzima. Jumatano wakaniambia nirudi, na Ijumaa nirudi, na Jumatatu nirudi. Tangu hapo sikuwa na tarehe tena, nilikuwa na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Chumba cha kusubiria kina mabenchi ya chuma na televisheni moja juu ukutani. Kwa kuwa ilikuwa miezi ya bajeti, televisheni hiyo ilikuwa Bunge kutwa. Tulikaa pale wenye miguu iliyovimba na nyuso zilizopauka, tukiwasikiliza waheshimiwa wakipongezana. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "naunga mkono hoja," shingo inaniuma pale palipokuwa na mrija.

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha Mzee Chilongani, mkulima wa mahindi na maharage kutoka Kibakwe. Alikuwa ameacha mashamba yake milimani akapanga chumba Majengo ili awe karibu na mashine. Siku ya kwanza nilimwamkia, naye akaniongezea salamu ya Kigogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbukwa, mjukuu wangu. Na wewe umeolewa na hii mashine?"

"Wanasema ni kwa muda."

"Na mimi waliniambia hivyo," akasema, "mwaka juzi."

Nilimchukia kwa wiki nzima. Baadaye nikagundua ndiye mtu pekee mle ndani asiyenidanganya, nikaanza kumtafuta kwa macho kila nikiingia. Aliposikia habari za kriketi alishangaa sana. "Mchezo gani huo unaanza na uji unaisha na ugali?" akauliza. Lakini kila Jumatatu lilikuwa swali lake la kwanza: "Haya, vijana wako wamepiga ngapi?" Nilimpa matokeo, na yeye alinipa habari za mvua za Kibakwe, tukamaliza saa nne zetu.

Niseme habari za mwili, kwa sababu hakuna aliyenisemea. Ngozi iligeuka rangi ya majivu na kuwasha, nikajikuna mpaka shuka likawa na madoa. Misuli ya vigimbi ilikaza katikati ya kusafishwa, nikapiga kelele mbele za watu wazima. Nikitoka kwenye mashine Gidion alinipakia kwenye bajaji kama mzigo wa mayai, nikifika nyumbani nalala mpaka kesho yake. Mkojo ulipungua wiki hadi wiki, na siku moja mwezi wa saba nikagundua kwamba sikumbuki mara ya mwisho nilikojoa lini. Nilisimama chooni nikalia kwa ajili ya mkojo.

Mwezi wa sita walinipasua mkono wa kushoto na kuunganisha mishipa, ili sindano zipate pa kuingilia badala ya shingoni. Ukitega sikio pale, panavuma kama friji. Daktari akanipa masharti: mkono huu usibebe ndoo, usiulalie, usipimwe presha, usipigwe na kitu.

"Na mpira wa kriketi?" nikauliza.

Akatabasamu, akidhani nataka kumchekesha. Jumamosi iliyofuata nilimpa glavu zangu binti aliyekuwa kipa wa akiba. Zilikuwa zimeshachukua umbo la vidole vyangu, na zilimpwaya.

Halafu kiu. Nilipewa kichupa kimoja kidogo cha maji kwa siku, na humo humo uhesabu chai, uji na mchuzi. Dodoma, kwenye upepo ule wa kiangazi unaopasua midomo. Niliota mabomba. Nilimwonea wivu mbuzi akinywa kwenye beseni. Na bado kila Jumamosi timu ilipocheza nyumbani nilikwenda uwanjani, kwa kuwa Ijumaa nilikuwa nimesafishwa na Jumamosi ndiyo siku pekee niliyofanana kidogo na mtu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni. Katikati ya mechi kuna mapumziko ya maji. Mwamuzi anatoa ishara, wachezaji wa akiba wanaingia mbio na ndoo na vikombe. Wenzangu wakawa wananipa mgongo wakati wa kunywa. Walifanya hivyo kwa upendo, nami nilitamani kuwapiga.

Sasa timu yetu ina desturi moja ambayo timu za pwani hutucheka nayo. Upepo wetu unakausha koo kabla hujamaliza ova mbili, kwa hiyo kila mchezaji anaingia uwanjani na punje za ubuyu mfukoni. Si ule mwekundu wa sukari. Ni ubuyu mweupe wenyewe, Mama alikuwa akiutuma kutoka Haneti kwenye mfuko wa sembe. Unamumunya punje, mate yanajaa, unasubiri mpira. Hospitali walikuwa wamenikataza ndizi, machungwa, parachichi, hata zabibu zetu, kwa ajili ya potasiamu, madini ambayo figo zikishindwa kuyatoa husimamisha moyo. Ubuyu hakuna aliyeutaja, nami sikuuliza, kwa sababu kwetu ubuyu hauhesabiwi kuwa tunda. Ni kitu cha kuchezea mdomoni. Tena ni mkavu, na mimi nilikatazwa maji. Nilijiona mjanja kweli.

Mama alifurahi alipojua. Alikuwa amehamia kwangu ili anisaidie, na hakuwa amepata cha kunisaidia.

"Mumunya mwanangu," alisema, "mumunya, angalau koo lilowane."

Nilimumunya Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi miguu haikunyanyuka kitandani. Moyo ulipiga, ukasita, ukapiga mara mbili, ukasita tena kwa muda mrefu hata nikawa nausubiri. Gidion alinibeba mpaka kwenye bajaji. Kwenye mlango wa chumba cha mashine alitupokea Sista Veronika, muuguzi wetu, mwanamke asiyekimbia hata mvua ikimnyeshea, na siku hiyo nilimwona akikimbia.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta langu, akatoka na punje.

"Yesu wangu. Nani kakupa hizi?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, na akasikia. Wakati wananishughulikia, na sindano zao na waya zao za kifuani, nilimwona kupitia mlango akiwa ameketi sakafuni, kanga kinywani. Nilipona siku ile, kwa jinsi walivyosema baadaye, nikiwa nimebakiza muda mfupi tu nife. Wewe unayesoma, uliza juu ya kila kitu kinachoingia mdomoni mwako, hata kile usichokiita chakula.

"Nilitaka kumuua mwanangu kwa mkono wangu," Mama alimwambia kila aliyekuja kuniona. Tulimbembeleza, Sista Veronika naye akamkalisha na kumweleza kwamba hata wasomi hukosea. Haikusaidia. Tangu siku ile Mama hajanipikia. Anakaa jikoni kwangu, mikono mapajani, akimwangalia Gidion anavyopika.

Baada ya Jumatatu ile daktari aliniita ofisini.

"Mwalimu, siku hizi figo tunapandikiza hapa hapa. Zungumza na ndugu zako. Mmoja akikubali na vipimo vikaendana, utaachana na mashine."

Mimi ni Mgogo. Nchi nzima inaujua utani wa Wagogo na kuomba. Gidion ni Mhehe wa Iringa, mtani wangu halisi, na utani huo umekaa mezani kwetu tangu tufunge ndoa. Nami humjibu kwa kuwauliza Wahehe, ambao husemwa wanakula mbwa, mbwa wa mtaani wamepelekwa wapi. Nilipomweleza maneno ya daktari hakutania. Alisema atatoa yeye, kesho yake akaenda, na kipimo cha kwanza tu cha damu kikamkataa. Mama ana presha na sukari. Akabaki Damari. Kila mtu ndani ya nyumba alijua amebaki Damari, na wiki zikapita bila mtu kutaja jina lake kwenye jambo hilo. Alikuja, akala, akatueleza habari za mechi, akaondoka, na mimi nikaongea habari za mechi.

Jumapili moja tumekaa mezani wote wanne, kimya kimezidi, Gidion akataka kukivunja kwa njia aliyoizoea.

"Mtani," akaniambia, "nyie Wagogo mmeomba kila kitu nchi hii. Leo figo tu ndiyo unaona haya?"

Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka akatoka nje. Gidion aliweka kijiko chini, uso ukamharibika, akaanza kuniomba radhi, na mimi nikashindwa kumtazama kwa kuwa alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa naona haya. Niliona heri nife kuliko kumwambia mtoto yule nipe ubavu wako ukatwe.

Damari hakuinua uso. Alimaliza wali wake, akasukuma sahani.

"Sijaombwa," akasema. "Natoa mwenyewe. Tumalize msimu, halafu wanikate."

Nitakuambia jambo la aibu: sikukataa hata kwa adabu. Nililia, nikamshika mikono, na moyoni nilikuwa tayari nakunywa maji. Wiki zile nilipanga maisha yangu yote upya. Nilipanga kurudi darasani, kuzaa, kukaa kwenye basi mpaka Iringa bila kuhesabu siku. Nilijua msimu unaisha mwezi wa tisa, na kila mechi tuliyoshinda ilinisogeza. Nilimweleza Mzee Chilongani.

"Ukipona usirudi kututembelea," akasema. "Wanaopona hawarudi, na ni vizuri hivyo."

Vipimo vya Damari vilifanywa mwezi wa nane. Damu ikaendana. Ikaendana vizuri kabisa, daktari akasema, na tukapiga vigelegele koridoni mpaka mlinzi akatuonya. Ilibaki picha ya tumbo. Damari alitaka niingie naye, akapanda kitandani na nguo zake za mazoezi, akawa anamwelezea mtaalamu wa picha tofauti ya kriketi na mchezo wa rede. Mtaalamu alikuwa anacheka. Alizungusha kile kifaa ubavuni mwa Damari, upande mmoja, kisha wa pili. Kipa hujifunza kuangalia mkono wa mrushaji kabla mpira haujatoka. Niliuona mkono wa yule mtaalamu ukisimama, na cheko likamwisha. Akasema anamwita daktari, na akatoka bila kutuangalia.

Daktari alitupeleka ofisini kwake, akafunga mlango.

"Katika familia yenu kuna mtu aliwahi kuumwa figo?"

"Hakuna," akasema Damari.

"Baba?"

"Baba alivimba," nikasema.

Baba alikufa Haneti, mimi nikiwa kidato cha nne na Damari hajaanza shule. Alivimba tumbo na miguu, akawa anapumua kwa shida, akafa kabla ya mavuno. Walisema amechezewa, amerogwa. Kuna jirani yetu alihama kijiji kwa sababu ya maneno hayo, na sisi tulishukuru alivyohama. Hatukuwahi kufikiri kwamba Baba angeweza kuwa ametuachia kitu.

"Damari," daktari akasema, "hutaweza kumpa dada yako. Figo zako zina vifuko vya maji kama vilivyo kwenye zake. Ni ugonjwa mmoja, wa kurithi."

Damari alikuwa bado ana mafuta ya kipimo kwenye ukingo wa fulana yake. Akawa anayafuta kwa kidole.

"Kwa hiyo nitakuwa kama yeye?" Alininyooshea mkono bila kugeuka. Alisema yeye, hakusema dada.

"Wengine huchukua miaka mingi sana. Tukidhibiti presha, ukifuata..."

"Nimeuliza nitakuwa kama yeye."

"Inawezekana," akasema daktari.

Kule koridoni nilinyoosha mkono nimshike. Alirudi nyuma hatua moja, na hapo ndipo akaniangalia. Aliangalia kovu la shingoni, akaangalia mkono wa kushoto na uvimbe wake, ngozi ya majivu, miguu ndani ya ndala za Gidion. Aliangalia kila kitu taratibu, kama mtu anayeonyeshwa nyumba atakayohamia. Halafu akatoka getini, akapanda bodaboda, akaondoka.

Nilikuwa nimepoteza figo mbili, nikapoteza ya tatu, na hayo yote yalikuwa madogo. Niliogopa kuwa nimempoteza yeye.

Tulicheza fainali mwezi wa tisa na timu ya Dar es Salaam. Gidion alinikatalia kwenda, nikaenda. Damari alirusha siku ile kwa hasira ambayo sijawahi kuiona. Mpira ulikuwa unafika kwa kipa kabla mpigaji hajainua gongo. Aliwatoa wapigaji wao wakubwa mmoja mmoja, na kila alipomtoa mtu wenzake walimrukia, naye alisimama tu mikono chini. Kiti changu kilikuwa karibu kabisa na mahali anapoanzia kukimbia. Kila ova alirudi kuelekea kwangu kuanza upya, na kila ova aliangalia ardhi. Karibu na mwisho mpira wake uligusa ukingo wa gongo ukapaa kwa kipa, mpira rahisi, na glavu zinazompwaya yule binti zikauachia. Tukafungwa kwa rani chache, pointi za kuhesabu vidoleni. Mpira ule ningeudaka. Nililia pale kwenye kiti cha plastiki, na watu walidhani nalilia kombe.

Jumatatu yake niliingia na matokeo ya kumpa Mzee Chilongani, nikakuta kwenye kiti chake mwanamke kijana mwenye mrija mpya shingoni. Sista Veronika alikuwa anakunja blanketi la mzee.

"Alipumzika jana," akasema. "Kanisani, ibada ikiendelea."

Mashine ziliwashwa, nikampa yule mwanamke pole, naye akaniuliza ni kwa muda gani. Nikasema sijui.

Damari hakuja kwangu mwezi wa kumi, na joto lote lile likapita. Hakuja wa kumi na moja. Simu zangu alizijibu kwa ujumbe mfupi: yuko salama, ana mitihani. Mama alikuwa anakwenda chuoni kumwona na kurudi.

"Yuko?"

"Yuko. Anakula. Dawa ya presha anameza."

"Ananiuliza?"

Mama alikuwa anaanza kukunja nguo ambazo zimeshakunjwa.

Hatuna mtoto, mimi na Gidion. Kwa miaka lilikuwa donda letu, na mwaka ule nikawa silali nikifikiri ni nini ningemwachia. Sikumwambia Gidion, na nadhani naye aliwaza hivyo hivyo, kwa kuwa hakuzungumzia tena kuzaa. Tuliongea habari za chumvi na nauli za bajaji. Jumatano moja ya mwezi wa kumi na mbili, kabla mvua haijaanza, nilimwambia siendi. Sitaki tena. Nilitegemea atanisihi, nilikuwa nimeandaa majibu.

"Sawa," akasema. "Basi na mimi siendi kazini."

Akakaa kwenye kochi pembeni yangu, viatu vyake vya ofisini miguuni. Tulikaa hivyo mpaka adhuhuri. Ilipofika mchana pumzi zikaanza kuwa fupi, kama nimefungwa kanga kifuani na mtu anazidi kukaza, na nikamwomba aite bajaji. Sikurudi kwa ujasiri. Nilirudi kwa sababu kukosa pumzi kunatisha, na kama wewe nawe unarudi kwa hofu tu, rudi. Hofu inatosha kukufikisha.

Mvua zilianza wiki ile. Mwezi wa kwanza ardhi ya uwanja ilikuwa na kijani, na kutoka dirisha la chumba cha mashine ungeona mabonde yamejaa mtama mchanga. Ilikuwa Jumatano. Sista Veronika alikuwa ameshafunga mkanda juu ya kiwiko changu anatafuta mahali pa sindano, nikasikia ndala zenye maji mlangoni.

"Shikamoo dada."

Damari alikuwa amelowa, koti mkononi. Alikuwa amekonda.

"Marahaba. Pita."

Hakupita. "Nimefika getini mara nyingi," akasema. "Nafika, nageuza."

"Najua, mdogo wangu."

"Hujui. Wewe ulipoanza hukuwa na wa kumwangalia. Mimi nikikuangalia wewe najiona."

Sista Veronika aliacha kutafuta mshipa. Damari alikuwa amesema kweli, na kwa miezi mitano nilikuwa nimekasirika kwa kitu ambacho yeye hangeweza kukizuia. Akasogea hatua mbili tatu, akazitazama zile sindano juu ya trei. Ni nene, nisikufiche, nene kuliko unavyofikiri.

"Inauma?" akauliza.

Wageni wote huuliza hivyo. Nina jibu lao tayari, nacheka kidogo, nasema ni kama kuumwa na siafu, nao wanashusha pumzi na kubadilisha mazungumzo. Jibu hilo lilinifika ulimini.

"Inauma," nikasema. "Ya kwanza inauma. Ya pili inauma zaidi kwa sababu unaijua."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akavuta stuli, akaiweka upande wa kushoto, upande wa mkono wenyewe, akakaa.

"Ungependa utoke nje kidogo?" Sista Veronika akamuuliza. "Nikimaliza nitakuita."

"Hapana, Sista. Nakaa."

Siku zote sindano zikiingia nageuza uso ukutani, mtu asinione. Siku ile sikugeuza. Damari aliniangalia usoni tangu ya kwanza hadi ya pili, nami nikamwacha aone.